Mwongozo wa Kukabili Maambukizi Nyemelezi ya Virusi kwa Mtu Mwenye UKIMWI

Virusi vingi vinavyomshambulia mtu mwenye UKIMWI vilikuwemo mwilini mwake miaka mingi kabla ya kuugua. Saitomegalovirusi (CMV), virusi vya hepesi, virusi vya tetekuwanga na virusi vya JC huwapata watu wengi utotoni au ujanani, kisha hulala ndani ya neva, figo au chembe za damu, na kinga yenye nguvu huvidhibiti bila mwenyewe kujua. Kinga ikiporomoka, huamka. Hakuna dawa inayoweza kuving'oa kabisa mwilini. Dawa zilizopo huvizuia visiendelee kuzaliana, na kazi ya kuvirudisha usingizini hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe, ambayo nayo hujengeka upya kwa kutumia dawa za kufubaza VVU, yaani ARV. Ndiyo maana ugumu wa kazi hii hauko sana katika kuchagua kidonge. Uko katika mpangilio, yaani kujua ni nini kifanywe leo hii, ni nini kisubiri wiki mbili, na ni dawa ipi isisimamishwe hata mgonjwa anapojisikia amepona.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa kliniki na ndugu wanaouguza. Vipimo vya dawa vilivyotajwa ni vya mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi vizuri, na vinapaswa kuandikwa na tabibu aliyemwona mgonjwa.

Hatua ya 1: Jua kinga imeshuka kiasi gani

Pima CD4, yaani chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga, kwa kila anayeanza ARV, kwa kila anayerudi baada ya kuacha dawa, na kwa kila ambaye wingi wa VVU katika damu yake umepanda. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima ana ugonjwa wa VVU uliokomaa pale CD4 zinapokuwa chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, au pale anapokuwa na ugonjwa wa hatua ya 3 au ya 4 katika mgawanyo wa shirika hilo. Kumtazama kwa macho hakutoshi, kwani mtu anaweza kuingia kliniki akitembea mwenyewe, akiongea vizuri na uzito wake haujapungua sana, kumbe CD4 zake ni 40.

Namba hiyo ndiyo inayokuelekeza wapi pa kutafuta. Mkanda wa jeshi, unaoletwa na virusi vya tetekuwanga vilivyoamka, unaweza kutokea katika kiwango chochote cha kinga, ingawa huwa mkali zaidi kinga inapokuwa chini. Vidonda sugu vya hepesi, saratani ya Kaposi na ugonjwa wa ubongo unaoletwa na virusi vya JC huonekana zaidi CD4 zikiwa chini ya 200. Chini ya 50 ndipo CMV inapokuwa tishio la kweli kwa macho, utumbo na neva, na mgonjwa wa kundi hili anapaswa kuulizwa habari za macho yake kila anapohudhuria, hata kama amekuja kwa ajili ya kikohozi.

Siku hiyohiyo ya kwanza pima pia homa ya ini B, kaswende, picha kamili ya damu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ujauzito. Pima antijeni ya kriptokokasi (fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo) na utafute kifua kikuu. Magonjwa haya mawili hayaletwi na virusi, lakini huua haraka, na mara nyingi hujificha nyuma ya dalili ambazo mtu angezisingizia virusi.

Wengi huamini kwamba mgonjwa anayemeza septrini kila siku amekingwa dhidi ya magonjwa nyemelezi yote. Septrini hukinga nimonia ya aina fulani, toksoplazma (kimelea kinachoshambulia ubongo) na baadhi ya bakteria. Haina nguvu yoyote juu ya virusi.

Hatua ya 2: Tenga dharura na yale yanayoweza kusubiri

Kabla ya kuingia katika maelezo ya ugonjwa mmoja mmoja, tafuta dalili ambazo haziruhusu mgonjwa arudi nyumbani kungoja tarehe ya kliniki:

- kuona kumepungua, au vidoa vyeusi vinavyoelea na mimweko ya mwanga vimeanza ghafla, hata kama jicho haliumi wala si jekundu;
- malengelenge kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua;
- malengelenge yaliyosambaa mwilini pamoja na homa au kupumua kwa shida;
- kuchanganyikiwa, degedege, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili;
- miguu kulegea kwa siku chache pamoja na kushindwa kukojoa;
- macho kuwa ya manjano, hasa kwa mtu aliyeacha ARV hivi karibuni.

Mgonjwa mwenye mojawapo ya haya apelekwe hospitali siku hiyo. Barua ya rufaa itaje CD4 za mwisho, tarehe aliyoanza ARV, dawa anazotumia sasa na siku dalili ilipoanza, kwa sababu daktari atakayempokea hataweza kuamua vizuri asipokuwa na mambo hayo manne.

Hatua ya 3: Okoa macho

Kabla ya ARV zenye nguvu kuanza kutumika mwaka 1996, takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu wa UKIMWI alipata uvimbe wa retina unaosababishwa na CMV wakati fulani kabla ya kufa. Leo ni wachache zaidi, lakini upofu wake ni uleule, wa kudumu, na huanza kimyakimya. Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. CMV huila kuanzia eneo moja na kusonga taratibu, na sehemu iliyokwisha kuliwa hairudi. Tiba hulinda kile kilichobaki. Kwa hiyo kila wiki inayopotea ina gharama yake.

Maumivu hayapo, na ndiyo sababu wagonjwa huchelewa. Wengine huona nukta au nyuzinyuzi zinazoelea, wengine mimweko pembeni, wengine kivuli kama pazia, na wengi hawaoni dalili yoyote kwa sababu ugonjwa umeanzia pembezoni mwa retina. Macho mawili yanapotazama pamoja, jicho zima huficha upungufu wa mwenzake. Kwa hiyo mfundishe mgonjwa kujipima jicho mojamoja nyumbani. Akae mahali penye mwanga wa kutosha, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha kwa jicho la pili atazame karatasi yenye mistari iliyonyooka, au ukuta wenye vigae, akikaza kutazama nukta moja ya katikati. Achunguze kama kuna mahali ambapo mistari inakatika, inapinda au inatoweka, halafu ahamie jicho jingine. Afanye hivyo kila siku CD4 zikiwa bado chini ya 100. Akikuta tofauti yoyote, asingoje miadi. Akiona sawa, bado hajasalimika, kwani doa la pembezoni linaweza kupita bila kuonekana. Uchunguzi wa uhakika ni ule wa mtaalamu wa macho anayepanua mboni kwa matone na kuitazama retina yote.

Ugonjwa ukithibitishwa, tiba ya kawaida ya kuanzia ni valgansiklovia miligramu 900 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku 14 hadi 21, kisha miligramu 900 mara moja kwa siku kama dozi ya kuendeleza. Doa likiwa karibu na kitovu cha kuona au karibu na neva ya jicho, daktari wa macho huongeza sindano ya gansiklovia ndani ya jicho lenyewe, kwa kuwa huko dawa hufika kwa wingi mara moja. Sindano peke yake haitoshi: jicho la pili na viungo vingine hubaki bila kinga. Asiyeweza kumeza hupewa gansiklovia kwa njia ya mshipa, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12.

Kuna kosa ambalo ni vyema kulitaja wazi, nalo ni kumpa mgonjwa wa CMV asiklovia kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini. Asiklovia huanza kufanya kazi baada ya kubadilishwa na kimeng'enya kinachotengenezwa na virusi vya hepesi na vya tetekuwanga vyenyewe. CMV hazina kimeng'enya hicho, hivyo mgonjwa atameza vidonge kwa bidii huku retina ikiendelea kuliwa. Valgansiklovia isipokuwepo, jambo sahihi ni rufaa ya haraka.

CMV hushambulia pia umio na utumbo. Mgonjwa hulalamika maumivu makali anapomeza, au huharisha kwa muda mrefu pamoja na tumbo kuuma, homa na wakati mwingine damu. Maumivu ya kumeza kwa kawaida husababishwa na fangasi, kwa hiyo ni haki kuanza na flukonazoli; lakini asipopata nafuu ndani ya wiki moja, aangaliwe kwa kamera na kipande cha nyama kichukuliwe kwa ajili ya maabara. Kupata CMV kwenye damu tu hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoharibu kiungo.

Hatua ya 4: Vidonda vya hepesi visivyopona

Mtu mwenye kinga nzuri hupata malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri yanayokauka ndani ya siku chache. Kwa mtu mwenye UKIMWI malengelenge hayohayo huungana, hupasuka na kuwa kidonda kipana, chekundu, chenye kingo zilizochongoka, kinachouma kupita ukubwa wake. Kidonda cha hepesi kilichodumu zaidi ya mwezi mmoja ni ugonjwa wa hatua ya 4 katika mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani. Kile cha kuzunguka njia ya haja kubwa ndicho kinachopotoshwa zaidi: mgonjwa aliyedhoofika na anayelala muda mwingi husemekana ana kidonda cha kulala au bawasiri, akapakwa dawa ya mafuta kwa wiki kadhaa, wakati ambapo vidonge vya asiklovia vingemponya. Mtu mwenye CD4 za chini akiwa na kidonda sehemu hizo, mpime kaswende na umtibu hepesi.

Toa asiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5 hadi 10, na endelea hadi kidonda kifunge kama ni kipana. Krimu ya asiklovia haina msaada wa maana hapa. Mpe dawa ya maumivu ya kutosha, na mshauri akojoe akiwa amekaa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu kama mkojo unachoma. Mgonjwa anayejizuia kukojoa kwa hofu ya maumivu huishia kuziba mkojo. Vikirudi mara kwa mara, asiklovia miligramu 400 mara mbili kila siku huvizuia, mpaka ARV zitakapokuwa zimeinua kinga.

Baada ya siku 7 hadi 10 za dawa bila dalili ya kufunga, kwanza hakikisha kwamba dawa inamezwa kweli na kwa kiwango sahihi. Kama inamezwa, fikiria usugu. Virusi sugu kwa asiklovia kwa kawaida ni vile vilivyopoteza kimeng'enya kilichotajwa juu, na kwa sababu hiyo valasiklovia na famsiklovia nazo hushindwa. Dawa inayobaki ni foskaneti ya mshipa, ambayo haihitaji kimeng'enya hicho. Hiyo ni dawa ya hospitali. Kipande cha kidonda kipimwe pia, kwani saratani huweza kujificha kwenye kidonda sugu.

Hatua ya 5: Mkanda wa jeshi

Kwa siku mbili tatu ngozi huwaka, huchoma au huwasha upande mmoja tu wa mwili kabla ya kitu chochote kuonekana. Kisha malengelenge hutoka katika mafungu, yakifuata njia ya neva moja, na huishia katikati ya mwili kama vile yamewekewa mpaka. Mpangilio wa upande mmoja namna hiyo unatosha kutambua ugonjwa bila maabara.

Anza asiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7 hadi 10, au valasiklovia gramu 1 mara tatu kwa siku, ambayo ni rahisi zaidi kuifuata. Faida ni kubwa dawa ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatoke, lakini kwa mtu mwenye VVU usimrudishe nyumbani mikono mitupu kwa sababu saa hizo zimepita: maadamu malengelenge mapya bado yanatoka, dawa bado ina kazi. Dozi ya mara tano kwa siku huwashinda wengi. Mpangie saa kabisa, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na umwandikie kwenye karatasi. Anywe maji mengi.

Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, vikaushwe kwa kugusagusa, na vifunikwe kwa kitambaa safi kisichoganda. Asipakwe kitu chochote kinachounguza. Kovu baya na usaha wa siku za baadaye mara nyingi hutokana na hayo aliyopakwa. Mpaka malengelenge yote yawe yamekauka na kushika gamba, maji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, na walio hatarini zaidi ni wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wengine wenye kinga ndogo wanaoketi naye kwenye benchi la kliniki.

Malengelenge ya ncha ya pua ni onyo kwamba neva ya jicho imeguswa. Daktari wa macho amwone siku hiyo. Yakiwa yamesambaa nje ya neva moja au mbili, mgonjwa alazwe na apewe asiklovia ya mshipa, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8.

Maumivu yanaweza kubaki miezi mingi baada ya ngozi kupona. Parasetamoli haifiki mbali hapo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, kuanzia miligramu 10 hadi 25, au gabapentini, hutuliza neva zaidi, na mgonjwa aelezwe kwamba nafuu huja taratibu baada ya wiki kadhaa ili asiiache siku ya tatu.

Hatua ya 6: Ubongo na uti wa mgongo

Hapa kanuni ni moja: usilaumu virusi mpaka umeondoa yale yanayotibika kwa urahisi zaidi. Mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa, homa au fahamu iliyobadilika apimwe kwanza kriptokokasi, kifua kikuu cha utando wa ubongo, malaria pale inapopatikana, na toksoplazma.

Yakiondolewa hayo, kasi ya ugonjwa husaidia kubagua. Homa, degedege na kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya siku chache huelekeza kwenye hepesi au virusi vya tetekuwanga, na asiklovia ya mshipa, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8 kwa siku 14 hadi 21, ianzishwe huku majibu ya maji ya uti wa mgongo yakisubiriwa. Miguu inayolegea kutoka chini kwenda juu, ganzi ya sehemu za kukalia na mkojo uliokwama, kwa mtu mwenye CD4 chini ya 50, ni CMV ya mizizi ya neva mpaka ithibitike vinginevyo. Siku mbili za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti kati ya kutembea na kutotembea tena.

Ugonjwa wa virusi vya JC, ujulikanao kwa kifupi kama PML, huenda pole kwa wiki kadhaa na bila homa: mkono unaoangusha vitu, maneno yanayoteleza, mwendo wa kuyumba, nusu ya picha isiyoonekana. Hauna dawa yake maalumu. Tiba ni ARV zianze mara moja, na ukweli huo ndugu waambiwe bila kuzungushwa, pamoja na jambo la pili lililo kweli vilevile, kwamba baadhi ya wagonjwa ambao kinga yao hurudi hutulia na kuishi miaka mingi, ingawa udhaifu uliokwisha kutokea mara nyingi hubaki. Mazoezi ya viungo yaanze wakati huohuo.

Hatua ya 7: Ini, ngozi na saratani zinazoletwa na virusi

Homa ya ini B si ugonjwa nyemelezi kwa maana kamili, lakini huamua ARV zipi zitumike. Mwenye nayo awe kwenye mpango wenye tenofovia pamoja na lamivudini au emtrisitabini. Lamivudini peke yake dhidi ya virusi vya ini huzaa usugu. Anayebadilishiwa ARV asiondolewe tenofovia bila kuangalia kipimo cha ini B, na mgonjwa mwenyewe ajue kwamba akiacha dawa ghafla ini linaweza kuwaka kiasi cha kuua.

Mabaka ya zambarau au kahawia yasiyowasha, kwenye ngozi au kwenye kaakaa, yafikirishe saratani ya Kaposi, ambayo husababishwa na virusi vya HHV-8 vilivyogunduliwa mwaka 1994. Fungua kinywa na utazame kwa tochi kila mara. Mabaka machache hupungua kwa ARV pekee. Uvimbe wa miguu, mabaka mengi kinywani, damu kwenye makohozi au kinyesi huhitaji dawa za saratani pamoja na ARV. Mgonjwa huyu asipewe prednisoloni kwa sababu nyepesi, kwani steroidi huichochea saratani hii.

Utando mweupe wenye mifereji pembeni mwa ulimi, usiotoka kwa kukwangua, huletwa na virusi vya Epstein-Barr. Hauhitaji dawa; ni ishara tu kwamba kinga imeshuka.

Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi kuliko asiye na VVU. Uchunguzi uanze akiwa na umri wa miaka 25, kwa kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani hii) pale kilipo, na urudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5. Hili huahirishwa mara nyingi kwa kisingizio kwamba mgonjwa ana mambo makubwa zaidi. Likishaahirishwa mara mbili, husahaulika.

Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, nao umeonyesha tangu mlipuko wa mwaka 2022 kwamba kwa mtu mwenye CD4 za chini sana vipele huwa vidonda vikubwa vya nyama iliyokufa. Mtenge mgonjwa, tibu maumivu na maambukizi ya bakteria, na harakisha ARV.

Hatua ya 8: Panga siku ya kuanza ARV

Kwa maambukizi mengi ya virusi, ARV zianze ndani ya siku 7 tangu VVU kuthibitishwa, na ikiwezekana siku hiyohiyo. Hepesi, mkanda wa jeshi, Kaposi na PML si sababu za kungoja. CMV ya retina ni tofauti kidogo: madaktari wengi hutanguliza dawa ya CMV na kuanza ARV ndani ya wiki mbili, wala si zaidi, ili kinga inayoamka isikute virusi vingi ndani ya jicho na kuliwasha. Kriptokokasi na kifua kikuu cha utando wa ubongo ndizo zinazodai kusubiri, wiki 4 hadi 6 kwa kriptokokasi na wiki 4 hadi 8 kwa kifua kikuu, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuvipima siku ya kwanza.

Katika miezi mitatu ya mwanzo, mgonjwa anaweza kuonekana anazidi kuugua wakati vipimo vinaonyesha anapona. Mkanda wa jeshi hutoka, mabaka ya Kaposi huvimba, jicho lililotulia huwa na ukungu. Huo ni mwamko wa kinga inayopambana na kile ilichokuwa haikioni. Mgonjwa aelezwe haya kabla hajameza kidonge cha kwanza, kwa maneno mepesi, kwa sababu asiyeambiwa huhitimisha kwamba ARV ndizo zinazomuua na huziacha kimya. ARV zisisimamishwe, isipokuwa daktari mwenye uzoefu ameona hatari ya maisha.

Aliyekuwa anatumia ARV na bado amefika hapa, mwulize bila kumkaripia ni dozi ngapi zimempita na kwa nini. Wingi wa VVU ukiwa juu ya nakala 1,000 katika mililita moja ya damu licha ya kumeza vizuri, dawa zake zibadilishwe. Kutibu CMV juu ya ARV zisizofanya kazi ni kuteka maji kwa pakacha.

Hatua ya 9: Linda figo na uboho

Gansiklovia na valgansiklovia hupunguza chembe nyeupe za damu. Picha ya damu irudiwe kila wiki katika dozi ya kuanzia, kisha angalau kila mwezi. Zidovudini hufanya madhara yaleyale, hivyo zisitumike pamoja. Badilisha ARV kwanza. Vidonge vya valgansiklovia visipondwe wala kuvunjwa kwa mikono mitupu. Kwa kuwa vinaweza kudhuru mimba, mwanamke atumie uzazi wa mpango wakati wa tiba na siku 30 baada yake, na mwanamume atumie kondomu wakati wa tiba na kwa siku 90 baada ya kumaliza.

Asiklovia ya mshipa iingizwe taratibu kwa muda wa saa moja pamoja na maji ya kutosha, la sivyo huganda ndani ya figo. Foskaneti huumiza figo na huvuruga kalsiamu, potasiamu na magnesiamu. Ikiambatana na tenofovia, kreatinini ipimwe mara mbili kwa wiki. Hata hivyo dolutegravia, mojawapo ya ARV, hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo bila kuidhuru figo, kwa hiyo kabla ya kupunguza dozi au kuondoa dawa, linganisha na kipimo cha siku ya kwanza na uangalie kama inaendelea kupanda au imetulia.

Hatua ya 10: Kusimamisha dawa, na chanjo

Dozi ya kuendeleza ya valgansiklovia husimamishwa pale masharti yote yanapotimia: tiba imedumu angalau miezi 3 hadi 6, daktari wa macho ameona madoa yametulia, mgonjwa anameza ARV na CD4 zimekaa juu ya 100 kwa miezi 3 hadi 6. Sharti moja likikosekana, dawa iendelee. Baada ya kusimamisha, macho yachunguzwe kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka, na CD4 zikirudi chini ya 100 dozi hiyo irudishwe kabla macho hayajaonyesha dalili.

Asiklovia ya kuzuia hepesi inaweza kuachwa kinga ikipanda na vidonda vikiwa havijarudi kwa miezi kadhaa.

Chanjo za homa ya ini B, mafua (ya sindano), UVIKO-19 na HPV kwa walio katika umri wake ni salama katika kiwango chochote cha CD4. Mwitikio ukiwa hafifu, chanjo ya ini B hurudiwa kwa dozi mara mbili, na kingamwili hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Chanjo zenye virusi hai, kama vile za tetekuwanga, surua na homa ya manjano, zisitolewe CD4 zikiwa chini ya 200. Mgonjwa wa kiwango hicho ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, naye amekaa karibu na mwenye tetekuwanga au mkanda wa jeshi, afike kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa kingamwili za kumkinga zinaweza kutolewa mpaka siku ya 10 tu, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi.